Uzi maalumu wa wenye pikapu Tanga: tupia chombo chako, ila tuanze na uvunguni

#1 (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nyuzi za magari humu zimejaa IST na Crown, na wachangiaji wengi ni wa Dar. Sisi wa pikapu huku Tanga tunapita kimya utadhani bado tunatembelea baiskeli. Basi huu ni wetu. Hilux, Ranger, L200, Hardbody, D-Max, Mkonga (Land Cruiser 79), hata ile Hilux ya zamani, LN106, ya mzee ambayo ukiiwasha barabara ya 1 wa barabara ya 21 wanajua umetoka, karibuni.

Naanza na langu. Hilux Vigo, dabo kebini, injini 1KD, lita 3.0. Ni gari la kazi: msimu wa machungwa linashinda Muheza na njia za kupanda Amani, msimu ukiisha linabeba saruji, mbao, mbuzi wa sadaka, viti vya harusi. Jumapili jioni linaoshwa na kupelekwa Raskazone kuuza sura, na sioni aibu kulisema hilo. Gari umelihangaikia wiki nzima, una haki ya kulisimamisha mahali watu wanapita wakalitazama.

Ila nina kaugomvi kangu. Pikapu nyingi tunazotazamana pale zimepambwa kutoka juu kwenda chini. Kwanza taa za LED kwenye paa, halafu ngao, rimu, stika, na uvunguni hakuna aliyechungulia tangu gari litoke bandarini. Mie nasema tugeuze. Cha uvunguni sharti uiname, wazee walishamaliza hilo. Kwa hiyo sharti la uzi ni moja: ukitupia picha, tupia mbili, moja ya ubavu na moja ya chini.

Langu chini liko hivi.

Chesisi kwanza. Kwa sisi wa pwani, hata usipokanyaga mchanga, upepo wa bahari peke yake unatosha kula chuma. Chesisi ya Vigo imefungwa pande zote nne, na matope ya milimani yakishaingia ndani yanakaa humo na unyevu wake. Kutu inaanzia ndani ikija nje, kwa hiyo ukiiona kwa macho ujue imeshakula. Pa kukagua ni nyuma, pale springi zinaposhikana na chesisi, na juu ya ekseli panapojificha uchafu. Shika nyundo ndogo, gonga taratibu huku unasogea. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti butu, na ndani unasikia magamba ya kutu yakimwagika.

Mafundi wetu wanapenda kweli kupuliza rangi nyeusi juu ya kutu. Gari linang'aa wiki mbili tatu, kutu inaendelea na kazi yake chini ya rangi. Kataa. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, piga redoksaidi (rangi ya chini ya kuzuia kutu), iache ikauke, ndipo upake. Na yale matundu ya kutolea maji chini ya chesisi yazibue, maana wapo wanaoyapaka rangi mpaka yanaziba.

Matairi nimetoka 265/65R17 nikaenda 265/70R17 ya AT (ya lami na ya vumbi). Kimo cha gari kimeongezeka kama sentimita moja na kidogo, hayasugui fenda, na gari linaonekana limesimama vizuri bila kuguswa kitu kingine.

Nyuma nimeweka springi nzito na shokapu mpya, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu sijaona watu wanapazungumzia. Chini ya Vigo, kati ya ekseli ya nyuma na chesisi, kuna kifimbo cha chuma kimeunganishwa na vali ya breki. Kwenye vitabu inaitwa LSPV. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likibeba, chesisi inashuka kuelekea ekseli, kifimbo kinasukumwa, vali inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, chesisi iko juu, vali inabana ili matairi ya nyuma yasijifunge ukakanyaga ghafla ukazunguka.

Sasa wewe umenyanyua nyuma sentimita 5 kwa springi mpya. Vali haijui habari za springi. Inaona chesisi iko juu, inaamini gari ni tupu, inabana breki za nyuma, na wewe una tani ya machungwa unashuka kona za Amani kuelekea Kisiwani. Breki za mbele zinabeba kazi yote mpaka zinanuka. Ukinyanyua nyuma, lazima kishikio cha hicho kifimbo nacho kirekebishwe kwa kiasi kilekile. Ni kazi ndogo kwa fundi anayejua, na asiyejua atakuambia hicho kidude hakina kazi, tukitoe. Huyo mwage.

Mengine ya juu nitasema nikiulizwa. Karibuni.

#2

Bila picha huu uzi ni batili.

#3 (mleta uzi)

Mkuu picha zinapanda, mtandao wa huku Pongwe leo unajivuta. Vuta subira.

#4

Mleta uzi umeongea vizuri ila umetuanzia kwa ukali. Mimi nina Hilux Revo ya 2.8, sibebi machungwa wala saruji. Nimeinunua niringe nayo. Paani kuna baa ya LED, mbele ngao ya chuma yenye winchi, nyuma rolba, pembeni vikanyagio vya umeme, matairi 285/70R17. Nikipita Chumbageni watoto wanaacha mpira. Hilo nalo ni matumizi. Siyo kila mwenye kanzu nzuri lazima aswalishe.

#5 (mleta uzi)

Hahaha, hapo kwenye kanzu umenikamata, mkuu. Na ringa, nani kakuzuia? Nakubali kabisa kwamba urembo ni matumizi. Ila kwa jinsi ulivyoorodhesha nina maswali mawili ya nia njema.

La kwanza, hiyo ngao na winchi. Umeongeza uzito mkubwa mbele kabisa ya ekseli, tena umesimamisha vitu mbele ya rejeta. Ukipanda Mombo kwenda Lushoto mchana wa jua, angalia mshale wa joto. Na springi za mbele umebadilisha? Kama bado, simama pembeni ya gari lako pahala palipo sawa uliangalie. Pikapu yenye pua chini haipendezi hata kama ngao ni ya bei mbaya.

La pili ni hayo matairi, ila naona kuna mtu atalijibu vizuri kuliko mimi.

#6

Nalijibu mimi hilo la matairi maana naijua hesabu yake.

Tairi la kiwandani 265/65R17 lina kimo cha kama milimita 776. La 285/70R17 ni kama 831. Tofauti ni asilimia 7. Maana yake kila tairi likizunguka mara moja unaenda mbali kwa asilimia 7 kuliko gari linavyodhani. Dashibodi ikisema 50, wewe hesabu 53 na nusu.

Vipimo vya kiwandani vingi huonesha mwendo ulio juu kidogo ya ule halisi, na hiyo akiba ndiyo tairi kubwa inayoila. Ndiyo maana watu wanapigwa tochi kwenye vibao vya 50 kati ya Segera na mjini halafu wanabishana na trafiki kwamba "nilikuwa hamsini, afande". Ulikuwa hamsini kwenye dashibodi. Tochi haisomi dashibodi. Elfu 30 inakutoka na huna hoja.

Washa ramani kwenye simu ikuoneshe mwendo halisi, linganisha na dashibodi, ukariri tofauti yako. Bure kabisa.

Na kitu kingine: tairi kubwa linazifanya gia zote kuwa ndefu. Kwenye lami husikii. Kwenye mlima ukiwa na mzigo utashangaa gia ya tatu imekuwa nzito na unarudi ya pili mapema. Siyo injini imechoka.

#7

Tochi haisomi dashibodi 😂😂 nimeichukua hiyo.

#8

Wakuu salaam. Mie niko Handeni, ni mtu wa Mkonga. Land Cruiser 79, singo kebini, 1HZ, lita 4.2, mitungi sita, haina tabo (kile kifaa cha kuishindilia injini hewa) na haitaki tabo. Nasema haitaki kwa sababu kila nikisimama kituo cha mafuta anatokea kijana ananiambia "mzee tukuwekee tabo itakimbia". Hii injini imetengenezwa na mkandamizo mkubwa sana, 22.4 kwa 1. Ukiishindilia hewa zaidi na mafuta zaidi bila kupima joto la moshi unaotoka, unapika pistoni na kupasua silinda hedi. Wapo walioweka kwa utaratibu zikadumu, ila ni watu wenye kipima joto la moshi kwenye dashibodi na adabu kwenye mguu.

Urembo wangu ni mdogo. Rimu za chuma nimepaka nyeupe, turubai jipya la bodi, keria ya mbao niliyotengenezewa kwa mpingo wa mabaki, na taa mbili za mbele za mviringo. Ila kuna kitu kwenye Mkonga za kuanzia 2007 kinanikera: zilitanuliwa mbele, nyuma zikaachwa vilevile. Simama nyuma ya gari uchungulie, utaona matairi ya nyuma yako ndani kuliko ya mbele, karibu sentimita 10 ukijumlisha pande mbili. Kwenye mchanga, nyuma inajichongea njia yake yenyewe badala ya kufuata iliyopitwa na mbele. Vijana wanaweka spesa (vipande vya kusogeza rimu nje) nyuma ili zilingane. Zinapendeza kweli kwa macho, ila beringi ndizo zinazolipa. Anayetumia rimu zenye kina tofauti badala ya spesa aje atuambie zimemkalia vipi.

#9

Mzee wa Handeni heshima yako. Keria ya mpingo? Tupia picha tafadhali!

#10

Habari zenu. Dada wa Ranger hapa, wa pekee nadhani. Kuna rimu za Hilux nimezipenda, aloi nyeusi, muuzaji pale mjini anasema zinaingia bila tatizo kwa vile zote ni nati sita. Nichukue?

#11 (mleta uzi)

Karibu sana dada. Muuzaji hajadanganya ila hajamaliza. Hilux na Ranger za kizazi cha karibuni zote ni nati sita za 139.7, kwa hiyo zitaingia. Tatizo liko katikati. Tundu la katikati la rimu ya Hilux ni milimita 106, kitovu cha Ranger ni 93. Rimu itaelea, itashikwa na nati peke yake, na ukifika mwendo wa barabara kuu usukani unaweza kutetemeka ukadhani ni balansi. Zipo pete maalumu za kuziba hiyo nafasi, dai zije na rimu. Halafu rimu za Hilux zitatokeza nje kwa kama sentimita mbili na nusu zaidi ya zako za sasa, kwa hiyo matope yatakuwa yanapiga mlangoni. Wapo wanaopenda huo mwonekano. Na angalia umbo la nati: za aloi za Toyota zina kola bapa, nyingine zina koni. Nati ya koni kwenye tundu la bapa haikai, itakulegea njiani.

Kinyume chake hakiwezekani, rimu ya Ranger haivuki kitovu cha Hilux. Nasema mapema kwa ajili ya yule atakayeuliza.

Na dada, kama zinakuja na matairi, soma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni baada ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno yote na likawa limeshazeeka.

#12

Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Makorora, na mnanipa kazi sana nyie watu wa taa. Sikilizeni.

Taa mbili za wati 55 zinavuta ampia 9 na ushee. Baa kubwa ya LED nayo ina mvuto wake. Mtu ananunua taa nzuri, halafu anachukua moto kwenye waya wa taa kubwa za gari, anapitisha kwenye kiswichi cha dashibodi cha bei ya soda. Kiswichi kinapata joto, kinalainika, siku moja kinabaki kimewaka au kinaanza kutoa moshi. Taa zenyewe zinafifia kwa sababu umeme umepotelea njiani kwenye waya mwembamba.

Inavyotakiwa: waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi karibu na betri kadiri inavyowezekana, halafu rilei (swichi inayobeba umeme mkubwa kwa niaba ya kiswichi), halafu taa. Kiswichi cha ndani kiwashe rilei tu. Fyuzi ikiwa mbali na betri, kile kipande cha waya kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Kikichubuka kikagusa bodi, gari linaungua na fyuzi ikiwa nzima kabisa.

Ethi nayo. Msifunge ethi kwenye boliti iliyopakwa rangi. Kwangua mpaka chuma, funga, paka grisi juu yake. Kwa hewa hii yetu ya chumvi nusu ya "taa mbovu" ninazoletewa ni ethi iliyoota kutu ya kijani.

Na jamani zile baa za paani mkikutana na mtu usiku barabara ya Horohoro zimeni. Mwenzio haoni kitu.

#13

Fundi umenena. Je sabufa na amplifaya kwenye bodi ya nyuma?

#14 (fundi umeme)

Mvua moja tu ya masika utanikumbuka.

#15

Mchango wangu kwa wale wa ufukweni. Tunavuka na kivuko Pangani, Bweni, halafu Ushongo. Wengi picha zao nzuri ni za pale. Kwenye mchanga punguzeni upepo, psi 18 hadi 20 inatosha, na mkirudi barabarani jazeni kabla hamjakimbia. Msiingie majini. Naona video za watu wanapasua mawimbi kama wako kwenye tangazo. Difu yako (lile boksi la gia kwenye ekseli) imetoka kukimbia, ina moto, ukiizamisha ghafla kwenye maji baridi hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Ina kipumulio kidogo juu yake, kikiwa kimeziba kwa matope, itavuta maji kupitia kwenye sili. Fungua boliti ya difu baada ya hapo: oili ikitoka kama chai ya maziwa ujue umeshaoga nayo. Dawa yake ni bomba jembamba kutoka kwenye kipumulio mpaka juu karibu na injini.

Baada ya ufukwe, maji baridi ya bomba, mengi, chini, ndani ya chesisi, siku hiyohiyo. Kunawisha bodi peke yake ni kujidanganya.

#16

Mie nauliza kuhusu mkonga, siyo gari, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda juu. Nimefunga wa pembeni, unapendeza, ila rafiki yangu ananicheka anasema ni pambo. Nitajuaje?

#17 (mleta uzi)

Kuna njia rahisi, mkuu. Washa gari, likae sailensa, usikanyage mafuta. Mtu mwenye kiganja kipana azibe kichwa cha mkonga kabisa. Injini ikianza kuhangaika kutaka kuzima, achia, mkonga wako ni wa kweli. Ikiendelea kunguruma kwa raha zake, inapata hewa pengine, na siku ya maji itapata maji kupitia hapohapo.

Mara nyingi tatizo liko kwenye maungio, pale bomba la mkonga linapoingia kwenye fenda na kukutana na boksi la fileta. Fundi anasukumiza mpira, anaweka klipu moja, anafunga boneti. Wengine hata hawaunganishi, wanatoboa fenda tu na kuubandika nje. Chungulia pia chini ya boksi la fileta, huwa kuna kitundu cha kutolea vumbi chenye mpira wake. Mpira ukiwa umekatika, hapo ndipo pa kuanzia.

Na hata ukiwa mzima, mkonga unalinda injini tu. Alteneta, difu na zulia la ndani haviujui.

#18

Nimejaribu sasa hivi. Ananguruma kwa raha zake 😭

#19

Pole mkuu. Angalau fenda limeshatobolewa, nusu ya kazi imeisha.

#20

Wenye Revo tuendelee kuringa au tuondoke? Natania. Nimetazama gari kwa pembeni kama ulivyosema, na kweli pua iko chini. Nauliza kuhusu rangi: nataka kulibandika stika nzima, kijani ya jeshi isiyong'aa. Kuna shida?

#21 (mleta uzi)

Usiondoke, wewe ndiye unayeupa uzi chumvi. Shida ya kwanza ni kadi: inataja rangi ya gari. Ukibadilisha gari zima, kadi nayo ibadilishwe kwa utaratibu wa TRA, la sivyo kila kizuizi utakuwa unaeleza. Na bima yako waambie, hilo la rangi na la winchi pia. Shida ya pili, stika kwa jua letu: paa na boneti huchakaa kabla ya milango, na kuibandua ikishakauka ni kazi ya kuvua magamba. Shida ya tatu ni ile rangi yenyewe. Usije ukafanana na gari la jeshi ukajibu maswali usiyoyataka. Chukua kijivu. Kijivu na rimu nyeusi kwenye Revo, hapo hata mie nitageuka.

Ngao yenyewe inyanyulie springi za mbele kwanza, halafu alaimenti, halafu ndiyo stika.

#22

Picha za mleta uzi zimepanda hatimaye. Aisee chuma kimenyooka. Mkuu, unaiuza?

#23 (mleta uzi)

Siuzi. Ila vikanyagio vyake vya kiwandani viko stoo, vizima, havijapindwa. Mwenye Vigo anayevihitaji aje inboksi.